Kujitolea katika afya ya jamii kando ya Ziwa Victoria: mwongozo kwa anayetoka nje ya Tanzania

Mtu anayetaka kwenda nchi nyingine kujitolea katika afya ya jamii vijijini kwa kawaida huanza kwa kujiuliza ana nini cha kutoa. Ninamshauri aanze na swali jingine: katika kijiji anachokwenda, ni nani anayeifanya kazi hiyo leo, na ni nani atakayeendelea kuifanya mwezi mmoja baada ya mgeni kuondoka? Katika vijiji vya mkoa wa Mwanza vilivyo kando ya ziwa, swali hilo lina jibu karibu kila mahali. Yupo mganga mfawidhi, yaani mtaalamu wa tiba anayeiongoza zahanati, na muuguzi mmoja au wawili wanaosaidiana naye. Na yupo mhudumu wa afya ya jamii, mwanakijiji anayezijua kaya za kitongoji chake, anayejua ni mama gani mjamzito hajafika kliniki na ni mzee gani ameacha kumeza dawa. Kazi yako ni kuwaongezea nguvu hao. Yote yanayofuata hapa yametokana na miaka kadhaa ya kupokea wajitoleaji katika vijiji vya Sengerema na Ukerewe, na nimeyaandika kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili anayetoka nje ya Tanzania, awe muuguzi wa Kisumu, mwanafunzi wa Bujumbura, au kijana aliyezaliwa Mwanza na kukulia Ujerumani.

Kwamba njia hii ina faida si maoni yangu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utafiti uliofanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza uliangalia kama tiba bora ya magonjwa ya zinaa ingepunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI. Watafiti waliwafundisha watumishi waliokuwapo tayari katika vituo vya afya na zahanati, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawatembelea mara kwa mara kuwasimamia, na wakawaelimisha wanavijiji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii ambazo hazikuwa zimepata huduma hiyo bado. Watumishi waliofanikisha hayo walikuwa wa zahanati zilezile za kila siku.

Kumpata mwenyeji na kupata vibali

Tafuta kwanza taasisi inayokupokea, kisha ndipo ufikirie tarehe. Mwenyeji anaweza kuwa shirika lisilo la kiserikali lililosajiliwa, hospitali ya taasisi ya dini, chuo, au halmashauri yenyewe. Muulize mambo matatu kwa maandishi: kazi hii iliombwa na nani, utakuwa chini ya usimamizi wa nani kila siku, na Mganga Mkuu wa Halmashauri, yaani msimamizi wa huduma za afya katika halmashauri, anaijua au haijui. Mwenyeji anayeshindwa kujibu swali la tatu hajajiandaa kukupokea, hata kama picha zake ni nzuri na barua zake ni za heshima. Kuwa mwangalifu pia na wale wanaokutoza fedha nyingi kwa wiki mbili za kile wanachokiita uzoefu wa kitabibu. Ninaona muda usiopungua miezi mitatu ndio unaofaa, kwa sababu wiki za mwanzo huwa ni za kujifunza, na mtu anayeondoka kabla ya kujifunza huacha mzigo kwa wenyeji wake.

Kuhusu vibali, raia wa Kenya au Uganda huingia Tanzania bila viza, lakini kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi, na kujitolea huhesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi. Viza ya utalii nayo haikupi ruhusa hiyo. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wajitoleaji, pamoja na wanafunzi na watafiti, na mwenyeji wako ndiye anayepaswa kukusaidia kukiomba Idara ya Uhamiaji. Kwa muda mfupi zaidi, aiulize Idara hiyo kuhusu utaratibu unaokufaa kabla hujasafiri. Ukiwa daktari, utahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ukiwa muuguzi au mkunga, wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ukikusudia kukusanya takwimu kwa ajili ya tasnifu yako, huo ni utafiti, nao una vibali vyake vya kimaadili na vya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usiufiche ndani ya kujitolea.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano iwapo unatoka katika nchi yenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda. Cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Aidha, aliyekulia Nairobi au Ulaya asijidanganye kwamba mwili wake unaijua malaria kwa sababu tu wazazi wake ni wa kanda ya ziwa. Kinga hiyo hupungua kwa mtu aliyekaa miaka mingi mbali nayo, kwa hiyo muulize daktari wako kuhusu dawa za kinga, na ulale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

Kuingia kijijini

Njia ya kuingia ina ngazi zake, na kila ngazi ina maana. Ukishapokewa katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, utapelekwa kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji, kisha zahanati, na mwisho utatambulishwa katika mkutano wa kijiji au kwa wenyeviti wa vitongoji. Wapo wanaoona mzunguko huu kuwa ni kupoteza siku. Mimi nimeona kwamba mjitoleaji aliyetambulishwa vizuri huitwa mgeni wetu, na yule aliyeruka ngazi moja huulizwa kila mlango ametumwa na nani, hasa anapobeba daftari la kuandika majina ya watu.

Kiswahili chako kitakufungulia milango mingi, lakini usikitegemee peke yake. Bibi wa Kisukuma anaweza kuitikia shikamoo yako kwa furaha na bado asielewe maelezo yako kuhusu shinikizo la damu. Ukerewe utasikia Kikerewe na Kijita, kisiwani Ukara utasikia Kikara, na Sengerema utakutana na Kizinza pamoja na Kisukuma. Jifunze japo salamu. Anayekuambia mwangaluka asubuhi anakuamkia, na neno mhola katika kumjibu litamfanya akusogezee kiti. Maelezo ya ugonjwa mwachie mhudumu wa afya ya jamii ayatoe kwa lugha ya nyumbani, nawe usikilize; baadaye muulize kwa faragha yale ambayo hukuyaelewa.

Jambo jingine linahitaji uthabiti. Vijijini kwetu kila mtu anayeonekana zahanati huitwa daktari, na utaitwa hivyo siku ya kwanza hata kama umesomea uhasibu. Sahihisha mara moja, kwa upole, na uendelee kusahihisha kila siku. Mama aliyemleta mtoto mwenye degedege hana nafasi ya kuchunguza cheti chako. Atakukabidhi mtoto kwa sababu umevaa vizuri na umetoka mbali. Usichome sindano, usizalishe, wala usitoe dawa ikiwa huna idhini ya kuifanya kazi hiyo katika nchi unayotoka, na hata ile uliyosomea usiifanye kabla usajili wako haujakamilika. Zahanati ikizidiwa, bado yapo mengi yasiyohitaji leseni: kupanga foleni ya kliniki, kupima uzito na urefu wa watoto chini ya usimamizi wa muuguzi, na kusaidia kupanga mafaili na kujumlisha takwimu za mwezi ambazo muuguzi huzikamilisha usiku kwa mwanga wa simu. Rejesta zenyewe, hasa za watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usizifungue bila kukabidhiwa na mwenye dhamana.

Fuata kalenda ya mwezi na ya mvua

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko yote ni la ratiba. Mjitoleaji hupanga kikao cha wavuvi saa nne asubuhi siku ya Jumanne, anakuja na vifaa vyake, na mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, anawakuta watoto na mbwa. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, kwa taa zinazowavuta dagaa kuja juu, na taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo katika siku za giza wanaume huwa ziwani usiku kucha, hurudi alfajiri, huuza, hula na kulala. Mwezi unapokuwa mpevu, mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na watu huwa na nafasi ya kuzungumza. Ila usichelewe, kwa sababu wengi hutumia siku hizohizo kwenda kuziona familia zao. Ukitaka kuwapata wavuvi wa kambi nzima, ulizia tarehe ya mwezi wa angani kabla ya kuulizia tarehe ya kalenda ya ukutani.

Wanawake wanaonunua na kuanika dagaa wana saa zao tofauti. Asubuhi wako mwaloni wakipatana bei, kisha hukaa karibu na dagaa walioanikwa, kwa maana wingu moja la mvua linaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Usiwaite wakufuate zahanati. Wafuate walipo, kaa nao kwenye kivuli, na wakiinuka ghafla kukusanya dagaa, inuka nao ukusanye. Nimeshuhudia mazungumzo kuhusu uzazi wa mpango yaliyoshindikana ukumbini mara mbili yakifanyika vizuri kabisa namna hiyo, magunia yakiwa mikononi.

Wakulima nao wana majira yao. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba, familia huhamia mashambani tangu alfajiri, na mikutano ya asubuhi hufa yenyewe. Panga ziara za kaya jioni, na umwache mhudumu achague siku.

Usafiri wa majini unahitaji neno lake. Sengerema sasa inafikika kwa barabara kupitia daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lakini Ukerewe na visiwa vidogo bado wengi huvifikia kwa kivuko au mtumbwi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Nunua jaketi lako la kujiokolea mjini Mwanza, livae tangu unapopanda, shuka katika chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama nauli umeshalipa, na usimshinikize nahodha anayesema upepo haufai.

Kichocho, mahali ambapo msaada wako utaonekana

Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa ufukwe huu, na ndani zaidi, kwenye malambo na mashamba ya mpunga, kipo kichocho cha mkojo. Minyoo ya kichocho cha tumbo hutoa mayai yanayotoka na kinyesi. Mayai yakifika majini huangua, viluwiluwi huingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa penye majani na matete, na baada ya wiki kadhaa hutoka vikiwa vimebadilika, tayari kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua, kuchota maji au kuvuta wavu. Mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi akiumwa tumbo na kuharisha damu mara kwa mara, hadi ini linapoharibika na tumbo kujaa maji, na wapo wanaolihusisha tumbo la namna hiyo na kurogwa. Usiwakejeli. Waulize wameona nini, kisha mwache mhudumu aeleze.

Mwaka mmoja tulimpokea kijana mwenye bidii aliyekuja na mabango yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba watu wasioge ziwani. Mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Mwanangu, bomba la karibu umeliona wapi?" Kijana yule hakuwa na jibu, na kwa heshima yake alikubali hivyo. Wiki mbili zilizofuata alitembea na mhudumu wa afya akihesabu dakika kutoka kila kitongoji hadi kwenye maji ya bomba au kisima, na daftari lile ndilo lililopelekwa kwenye kikao cha serikali ya kijiji. Hadi leo ninaiona kazi ile kuwa bora kuliko mabango yote tuliyowahi kupokea.

Kwa hiyo fundisha yanayowezekana. Mvuvi hawezi kuacha kugusa maji, lakini mama anaweza kuyaacha maji ya kuogeshea watoto yakae siku mbili nzima ndani ya pipa lililofunikwa, kwa kuwa vimelea hivyo hufa vikikosa mtu wa kumwingia. Watoto wanaweza kuelezwa kwamba saa za jua kali katikati ya mchana ndizo zenye vimelea vingi zaidi. Kuhusu vyoo, angalia ardhi kwanza: penye mchanga shimo hubomoka, penye miamba halichimbiki, na penye maji ya juu hujaa kabla halijatumika. Kuwaambia watu wa mahali pale wachimbe vyoo ni kuwaongezea lawama. Zungumza na afisa afya wa kata na uongozi wa mwalo kuhusu choo cha pamoja kilichojengwa juu ya ardhi, na nani atakisafisha, kwa sababu choo kisicho na msafishaji hufungwa kwa kufuli kabla mwaka haujaisha.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa shuleni katika kampeni za serikali, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na watoto hupimwa kwa kijiti cha urefu ili kujua idadi ya vidonge. Inaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa kwa aliyemeza akiwa na njaa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, madhara hayo pamoja na uvumi yalizua taharuki kubwa miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi. Kugawa vidonge waachie walimu na watumishi wa afya. Wewe saidia yale yanayoizuia taharuki: kikao cha wazazi wiki moja kabla, ambapo muuguzi anataja madhara hayo waziwazi, uji unaopikwa na kunywewa kabla ya zoezi, na mtu wa kukaa chini ya mti na watoto wanaojisikia vibaya, akiandika majina yao na kumwita muuguzi.

Kipindupindu kikitangazwa, fuata maelekezo ya afisa afya wala usianzishe kampeni yako. Unachopaswa kukijua kwa moyo ni kwamba pakiti za maji ya chumvichumvi zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na kwamba mgonjwa anapelekwa kituoni huku akinyweshwa njiani. Ukikuta chandarua kimegeuzwa kuwa wavu au kitanda cha kuanikia dagaa, usipige picha; muulize mwenye nyumba watu wangapi wanalala humo na vyandarua viko vingapi, na mpe mhudumu hesabu hiyo.

Fedha, dawa na picha

Kabla hujalipa posho yoyote, muulize mratibu wa halmashauri kiwango kinachotumika, kisha lipa hichohicho. Anayelipa mara mbili leo humfanya mhudumu aonekane mbaya kesho zahanati itakapomwita kwa kiwango cha kawaida. Nauli ya mhudumu na chakula cha mchana mnapotembea pamoja ni wajibu wako, na si zawadi.

Usibebe sanduku la dawa kutoka kwenu. Uingizaji wa dawa una vibali vyake, na dawa iliyobakiza muda mfupi kuisha, au yenye maandishi ambayo muuguzi hawezi kuyasoma, huishia kuwa taka ambayo zahanati haina tanuri la kuichomea. Omba orodha ya upungufu kwa mganga mfawidhi na ununue mjini Mwanza. Mara nyingi utakuta anaomba mizani ya watoto, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono, betri au mapipa yenye bomba la kunawia.

Picha ya mgonjwa usiipige kabisa, hata kama amekubali, kwa kuwa aliye kitandani mbele ya mgeni hana uhuru wa kukataa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inahusu pia simu yako.

Wiki za mwisho

Anza kukabidhi mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Kila kazi unayoifanya peke yako ifanywe na mhudumu ukiwa pembeni, na ile ambayo hakuna anayeitaka iachwe wazi sasa, ukiwa bado upo kulizungumzia hilo na kamati ya afya ya zahanati. Acha madaftari yako kijijini na uchukue nakala isiyo na majina. Usiahidi kurudi, wala kutuma kitu, isipokuwa umeshakitenga.

Ukishafika nyumbani, hesabu wiki sita hadi nane tangu siku uliyogusa maji ya ziwa kwa mara ya mwisho, kisha umwone daktari na umweleze waziwazi kwamba uliishi ufukweni. Ukipimwa au kutibiwa mapema zaidi, minyoo michanga inaweza kukosa kuonekana na dawa ikashindwa kuiua. Iwapo utakutwa na kichocho, mpigie simu mhudumu uliyetembea naye na umtajie ni wapi hasa ulishuka majini, kwa sababu watoto wa pale bado wanaoga.